Wawili Tuliokonda Pamoja

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zimekatika. Ukungu ulikaa juu ya mahindi yaliyokauka mpaka saa nne, na baridi ya kwanza ya kweli imeniingia magotini. Naanza kuandika leo kwa sababu ninalo jambo nisilotaka kumwambia mtu, na mwalimu aliyezoea chaki hawezi kukaa na jambo bila kuliandika mahali.

Juma lililopita nilikwenda Njombe. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kuwasalimu wastaafu wenzangu. Nilikwenda hospitali kuchukua majibu ya kipimo cha kooni. Daktari, kijana mpole, alisema ni saratani ya umio, na imeshafika kwenye ini. "Mzee, umekuja na nani?" akauliza. Nikasema nimekuja peke yangu. Akatazama dirishani. Kisha akaeleza kwamba ninaweza kupelekwa Dar es Salaam kwa mionzi ya kupunguza maumivu, si ya kuponya. Nilimwomba dawa za maumivu, nikapanda basi la kurudi Makambako.

Nina miaka sabini na nane, kwa hiyo kufa si habari kubwa kwangu. Lakini nilimwona marehemu mke wangu akiburuzwa hospitali hii hadi ile, mwanangu Obed akiacha kazi kumfuata, na mwisho ukawa uleule. Nimeamua kunyamaza.

Siku hiyohiyo Fidelia, mke wa Obed, alikuwa kliniki. Obed anaendesha lori la mbao, nyumbani huonekana siku chache kwa mwezi, mjukuu wangu Jasmine yuko bweni, hivyo hapa Kitandililo tumebaki mimi na Fidelia. Ni mzaliwa wa Uwemba. Anauza kwenye duka la pembejeo, anakaa kitini kutwa, na mwili umemwelemea. Alirudi macho yamevimba. Sukari iko juu, presha iko juu, mzani umesoma kilo mia moja na tisa. Tabibu amemwambia apunguze sahani, aachane na soda, atembee kila siku, na asiharakishe: uzito ulioingia kwa miaka kumi hautoki kwa mwezi. Mama yake Fidelia alikatwa mguu kwa sukari, na hakumaliza mwaka.

"Kula kidogo nitaweza, baba," aliniambia akiwa amesimama mlangoni. Haingii sebuleni kukaa nami. Sisi wakwe tuliolelewa zamani tunaheshimiana kwa kuachiana nafasi. "Kutembea ndiyo siwezi. Nitembee kwenda wapi? Watu watasema nimechanganyikiwa."

"Tutatembea wote," nikasema.

Jumanne, 6 Mei

Tumekwenda mpaka mwisho wa shamba la misindano na kurudi. Mimi mbele, yeye nyuma, maneno yanapita juu ya bega langu. Alihema sana. Nami nilihema. Hakujua kwamba kuhema kwetu hakukuwa kwa namna moja.

Ijumaa, 9 Mei

Upepo mkali. Tumetembea.

Jumatano, 14 Mei

Fidelia ameanza kubeba jembe begani. Nilimwuliza la nini.

"La kujibia watu, baba."

Kweli. Huku mtu hatembei asubuhi mikono mitupu bila kuulizwa. Jana jirani yetu Tarsis alitusimamisha kwa salamu ya kwetu. "Kamwene, Mwalimu! Mnakwenda wapi?"

"Tunatembea."

"Ndiyo, naona mnatembea. Lakini mnakwenda wapi?"

Leo kwa sababu ya jembe hakuuliza. Jioni akaja kunong'ona kwamba amesikia tumenunua shamba kwa siri, na kama lina nafasi angependa kulima viazi. Nilicheka mpaka koo likaniuma.

Jumapili, 18 Mei

Chakula cha nyumba kimebadilika. Ugali sasa ni wa dona, na wa kwake Fidelia ni kama ngumi. Nusu ya sahani yake ni mboga za majani, pembeni maharage na kipande cha parachichi. Chai bila sukari. Dukani anakwenda na viazi viwili vya kuchemsha kwenye kibakuli, ili mama wa mandazi akipita asimkute na njaa. Haya hunisimulia njiani. Leo asubuhi, tulipofika kwenye mteremko, alisema ghafla nyuma yangu: "Baba, jana nilikula mandazi manne."

"Yalikuwa matamu?"

"Sana."

"Basi leo twende mpaka darajani."

Wa kwangu ugali anaujaza kama zamani. Anauleta sebuleni umefunikwa kawa, anapiga goti kidogo, anaondoka. Mkwe hamtazami baba mkwe anavyotafuna. Zamani niliiona hii kuwa adabu tu. Sasa ndiyo inayonificha. Supu inapita, uji unapita, ugali unasimama katikati ya kifua kama mtu aliyekataa kuhama. Nikishindwa nafungua mlango wa nyuma, nampa mbwa wetu Polisi. Sahani inarudi jikoni tupu.

Jumanne, 3 Juni

Baridi. Umande umeganda kwenye nyasi kama chumvi. Tumetembea.

Jumatano, 11 Juni

Nimemsindikiza Fidelia kliniki. Alitoka akiwa ameshika kadi yake kama mtoto aliyefaulu. "Nne, baba! Kilo nne zimeondoka!" Akasahau, akanifikia bega kwa bega, tukaenda hivyo mpaka kwenye njia ya mahindi. Hapo alikumbuka, akarudi nyuma. Nilitaka kumwambia abaki. Sikumwambia.

Tabibu amefurahi zaidi kwa sukari kuliko kwa kilo. Amemwambia aendelee vivyohivyo, polepole, asiruke mlo wala asinywe dawa za kupunguza mwili zinazouzwa mitaani.

Jumapili, 22 Juni

Leo kanisani wanaume walinizunguka. "Mwalimu, mazoezi yamekukubali! Umerudi ujana." Nikawashukuru. Niandike ukweli: nilifurahi. Koti linaning'inia, mshipi nimeutoboa tundu jingine, nami nasimama pale uwanjani napokea sifa za saratani.

Fidelia hakusifiwa. Kwetu, mwanamke akipungua hapewi hongera. Ugonjwa uliopita katika nyumba nyingi za Njombe umetufundisha kutazama shingo na mifupa ya mabega kabla ya kutazama uso. Niliwasikia akina mama wa kwaya.

"Pole, mama Jasmine."

"Pole ya nini?"

"Basi tu. Pole."

Na katika maombi Mchungaji Nahumu alimkumbuka "dada yetu anayepita katika kipindi kigumu." Alikuwa na nia njema. Vichwa vyote viligeuka upande wa Fidelia, naye akawa ameinama anatafuta kitu mkobani ambacho hakikuwamo.

Njiani kurudi aliukumbatia mkoba ule kifuani. Ningeweza kuliondoa nusu ya lile wingu kwa sentensi moja. Nilijiambia kwamba nikisema, ataacha kutembea, atakaa kuniuguza, atakula makombo ya mgonjwa na mandazi ya wageni, na atarudi alikokuwa. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini si yote. Asubuhi, nikiwa njiani, mimi ni mtu anayetembea. Nikisema, nitakuwa mtu anayesubiri.

Jumapili, 29 Juni

Daraja ni mbali sasa. Nimesingizia goti, tumeishia kwenye misindano. Yeye aliendelea peke yake kidogo, akarudi kunichukua.

Jumamosi, 5 Julai

Dada yangu Janeth amekuja kutoka Njombe. Hakuwa ameniona tangu Krismasi. Alisimama mlangoni, kikapu bado kichwani, akaanza kulia. "Kaka, wewe ni nani?" Baadaye akaenda jikoni, akafunua masufuria. Akaona mboga, maharage, ugali wa Fidelia kwenye sahani. Akatoka nje, akamwona Polisi amelala juani, tumbo limejaa, hana haja hata ya kubweka. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi. Sikuyapenda macho yake.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote.

Janeth alimpigia Obed simu, naye Obed akageuza lori. Jana walinikalisha kwenye kiti changu, Janeth kwenye kochi, Obed kwenye stuli, Fidelia chini kwenye mkeka karibu na mlango.

"Mimi sizunguki," Janeth akaanza. "Krismasi nilimwacha kaka yangu ana mashavu. Leo nimekuta mifupa imevaa koti. Na mbwa wa nyumba hii ameshindwa kubweka kwa shibe. Nani anamlisha mbwa, na nani anamlisha mzee?"

"Shangazi, baba anakula. Sahani zinarudi tupu," Fidelia akajibu.

"Zinarudi tupu kwa sababu zinakwenda na kitu kidogo! Nimeona jikoni ugali wa mtoto aliyeachishwa ziwa."

"Ule ni wangu. Wa baba naujaza."

"Na kila asubuhi unamkokota baridini, mtu wa miaka hiyo. Au huko kwenu Uwemba wazee hulishwa majani na kukimbizwa kama ng'ombe?"

Obed alikuwa anatazama mikono yake. "Mama Jasmine, mimi sijasema unamnyima," alisema. "Lakini kwenye foleni ya mizani ya malori madereva wananiuliza mke wangu anaumwa nini. Nasema haumwi. Wananicheka. Sasa na mzee naye ndiyo hivi. Mambo ya kukonda ukitaka wewe, sawa. Mzee amekukosea nini?"

Hapo Fidelia aliinua uso. Miaka ishirini katika nyumba yangu hakuwahi kunitazama machoni hivyo. "Baba," akasema, "sema wewe. Nakunyima chakula?"

Ilikuwa kazi ya neno moja na maelezo mafupi. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema: "Fidelia ni mkwe mwema."

Nimefundisha miaka thelathini na mitano, najua jibu linalokwepa swali ninapolisikia. Janeth alipiga makofi. "Mmeona? Hata kusema anaogopa. Mpaka kwenye mateso yake anamsitiri!"

Fidelia hakunitazama tena. Ikaamuliwa kwamba kutembea kumekwisha, mafuta na ugali wa sembe virudi, na Janeth abaki hapa asimamie jiko. Obed aliondoka alfajiri kwa safari ya mbao. Alinibusu mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mdogo.

Jumapili, 13 Julai

Janeth aliniletea mwenyewe ugali na nyama ya nguruwe, akakaa kunitazama. Niliweka tonge mdomoni, nikajifanya kukohoa, nikalitemea kwenye leso. Mara sita au saba. "Umeona?" akasema kwa furaha, "kumbe njaa tu!" Leso nimeifukia bustanini.

Jumanne, 15 Julai

Hatutembei.

Jumamosi, 19 Julai

Fidelia anakula anachopika Janeth. Anakula haraka, bila kusema, kama anayejilipizia kisasi. Dukani amerudia soda, tena anaiweka juu ya kaunta watu waione. Tarsis alimwambia, "Sasa ndiyo unarudi, mama!" naye akajibu, "Narudi wapi, Tarsis?"

Jana jioni nilimwona ameketi kibarazani, amevua viatu, anasugua nyayo. Alisema miguu inawaka moto. Hakuniambia mimi, alimwambia Janeth, na Janeth akamjibu ni baridi.

Sikulala vizuri, na si kwa koo. Nilikuwa nimejidanganya kwamba ninanyamaza ili mkwe wangu aendelee kutembea. Sasa hatembei, nami bado nimenyamaza. Kwa hiyo ninanyamaza kwa ajili ya nani?

Jumatatu, 21 Julai

Janeth alikwenda sokoni. Nikaingia jikoni.

Sijawahi kuingia jikoni kwa mkwe wangu tangu aolewe. Fidelia aliruka kama ameona nyoka. "Baba! Kuna nini? Humu hamna pa kukaa."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia: ni saratani, iko kwenye umio na ini, niliambiwa mwezi wa nne, na chakula chako kinakwenda kwa Polisi kwa sababu hakipiti.

Aliendelea kukoroga maharage. Nilidhani hakusikia.

"Mwezi wa nne," alisema mwishoni. "Kabla hatujaanza kutembea."

"Kabla."

"Kwa hiyo kwenye kikao ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Nilikuuliza, baba."

"Uliniuliza."

Akaipua sufuria. Hakulia mara moja. "Kila asubuhi," alisema, "nilikuwa nautazama mgongo wako. Naona koti linavyozidi kuwa kubwa. Nikajiambia, Fidelia, mzee anaweza, na wewe utaweza. Siku ambazo sikutaka kuamka niliamka kwa sababu ya koti lile. Nilikuwa nakuiga." Ndipo akalia, akiwa amesimama, mwiko mkononi. "Nilikuwa nakushangilia, baba. Unanielewa? Nilishangilia."

Mtu akishapewa adhabu yake ya haki, hana la kuongeza.

Baadaye alipika uji mwepesi, akauchuja, akautia maziwa, akanipa palepale jikoni bila kawa wala kupiga goti. Akakaa chini mbele yangu akanitazama ninavyomeza, kidogo kidogo, mpaka kikombe kikaisha. Alihesabu, nadhani, kila funda. "Ungeniambia," alisema, "ningejua cha kukupikia. Hicho tu ndicho ulichonikosesha."

Nilimwomba kesho atembee. Alisema, "Usinipangie kitu kwa sasa, baba."

Ijumaa, 25 Julai

Obed amerudi, amekwishaambiwa. Alikaa kwenye lori nusu saa kabla ya kushuka. Tumekubaliana: hakuna Dar es Salaam, nitakuwa napewa dawa za maumivu hapahapa. Janeth alimwangukia Fidelia magotini jikoni. "Mwanangu, ningejuaje?" Fidelia alimwinua. Lakini maneno ya Janeth yalikwishatoka nje ya jikoni zamani. Yako sokoni, yako kwenye kwaya, yako kwenye foleni ya mizani.

Nikawaambia nimepata njia. Msibani kwetu husomwa historia ya marehemu, alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua nini. Yangu nitaiandika mwenyewe: kwamba nilikufa kwa saratani, na kwamba mkwe wangu Fidelia hakuninyima hata tonge moja. Isomwe mbele ya jeneza, watu wote wasikie.

Obed akasema, "Hilo zuri, mzee."

"Si zuri," Fidelia akasema.

Tukamgeukia.

"Nisubiri ufe ndipo niwe mtu mwema? Na nani anaamini karatasi ya msibani? Marehemu wote kwenye zile karatasi ni malaika. Watasema familia imeandika kunisafisha." Sauti yake haikupanda. "Baba, hukunikosea kwa karatasi. Ulinyamaza kwa mdomo. Basi ukaseme kwa mdomo, ungali unao."

"Mama Jasmine," Obed akamkemea, "unaongea na mzee."

"Naongea na mtu niliyetembea naye."

Jumatano, 30 Julai

Siku mbaya. Uji tu, nao kwa shida. Nimesikia lango asubuhi na mapema. Janeth anasema Fidelia alitoka, akarudi jua limeshapanda. Sikumwuliza.

Jumapili, 3 Agosti

Mchungaji Nahumu alikubali kunipa nafasi kwenye matangazo, baada ya tangazo la harambee na kabla ya yale ya ndoa. Obed alinipeleka kwa bajaji na kunishika mkono mpaka mbele. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wamevaa makoti na mablanketi. Wengi wao niliwafundisha au niliwafundisha wazazi wao. Nilitaka kuzungumza kwa utaratibu. Pumzi ilikuwa ya sentensi chache tu, nikazitumia.

Niliwaambia: "Mmenisifu kwamba nimepungua kwa mazoezi. Nilizipokea sifa hizo, na zilikuwa za uongo. Nina saratani, nilijua kabla ya mahindi kuvunwa. Mkwe wangu Fidelia hakuninyima chakula. Alinipa, nikampa mbwa, nikanyamaza. Ndugu zangu walimshitaki mbele yangu, akaniuliza, nikakwepa. Yeye amepungua kwa kula kwa kipimo na kutembea kila siku, kama kliniki ilivyomwelekeza, kwa sababu sukari ilimuua mama yake. Haumwi ugonjwa mnaoufikiria. Hata angekuwa nao, isingekuwa kazi yenu kumpa pole za kumchoma. Namwomba msamaha mbele yenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma alisema, "Pole, Mwalimu," na wengine wakafuata, kama inavyokuwa. Mama mmoja wa kwaya alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Fidelia alikuwa kwenye benchi lake upande wa wanawake, ameketi wima. Sikuweza kujua uso wake ulisema nini, na sasa naona haikuwa haki yangu kujua.

Tulipotoka nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, bila kujua niko karibu: "Wazee wa zamani hao, kwa kutetea familia zao!" Kwa hiyo wapo ambao hawakuamini, na hawataamini. Nilichelewa, na uchelewaji nao una mazao yake. Nimeacha kumbukumbu hii ili Jasmine akikua ajue kwamba babu yake alisema, lakini alisema mwezi wa nane.

Obed alinilaza kwenye bajaji, kichwa begani kwake. Fidelia alikuwa ametangulia kwa miguu. Tulimkuta nje kidogo ya mji, upepo umeshika kitenge chake, anatembea pembeni ya barabara. Dereva akapunguza mwendo.

"Mama, panda. Nafasi ipo."

Fidelia hakumjibu yeye. Alinitazama mimi, uso kwa uso, kwa muda ambao dereva aliona mrefu, maana alikanyaga mafuta kidogo na kuachia.

"Nendeni tu," akasema. "Uji upo kwenye chupa. Shangazi akuchujie tena kabla ya kukupa."

Tukaondoka. Nyuma yake watu wa kanisani walikuwa wanakuja kwa makundi, wanaongea. Hakuharakisha ili wasimfikie, wala hakusimama kuwasubiri.